Rangi haiui ukungu, na maneno mengine yanayonichosha hapa Bukavu

Wiki iliyopita nimepigiwa simu na watu watatu, na wote wameanza na maneno yale yale: "Fundi, tulishapaka javeli, tukapaka na rangi juu, lakini ule weusi umerudi." (Javeli ni ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe.) Wa tatu nilimkatiza kabla hajamaliza. Nikamuuliza, "Mama, maji yanatoka wapi?" Akanyamaza kidogo. "Maji gani tena, Fundi? Mimi niko nakuambia mambo ya ukungu."

Basi naandika, ili wa nne nimtumie hii kwanza kabla sijapanda mlima kwenda kwake.

"Piga javeli, ngoja siku mbili, paka rangi ya mafuta, imekwisha"

Haijakwisha. Umeificha tu.

Mbegu za ukungu zimo hewani kila mahali, nje na ndani, kwa tajiri wa Muhumba na kwa maskini wa Kadutu. Huwezi kuzifukuza zote. Chakula chake nacho kimo tayari nyumbani: mbao, karatasi, gundi, vumbi, hata rangi yenyewe. Kinachokosekana ni maji tu. Kitu kikilowa kikakaa hivyo saa 24 hadi 48, ukungu unaanza kushika. Kikikauka kweli, unasimama. Ndiyo maana siulizi ni dawa gani mmetumia. Nauliza maji.

Javeli inafaa kwenye kigae na sinki, vitu visivyonywa maji. Kwenye tofali, plasta na mbao, klorini yake inaishia juu juu, na yale maji mengi iliyochanganywa nayo yanazama ndani. Kwa hiyo umeunyoa ukungu nywele na kuunywesha mizizi. EPA, shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia mazingira, halipendekezi javeli kama desturi ya kusafisha ukungu. Halafu kuna jambo ambalo watu hawataki kulisikia: ukungu uliokufa bado unamsumbua mwenye pumu. Hata ukiuua, lazima uutoe.

Rangi ya mafuta ndiyo mbaya zaidi. Ni ngozi isiyopumua. Maji yaliyomo ukutani yanatafuta pa kutokea, yanaikuta imeziba, yanaisukuma mpaka inatoa malengelenge. Nyuma ya lengelenge kuna giza, kuna unyevu, kuna gundi ya rangi ya kula. Umeujengea chumba cha kulala.

Niliitwa Kadutu, nyumba iliyokatwa ndani ya mlima kama nyumba nyingi za mji huu. Chumba cha watoto, ukuta wa nyuma, rangi ya nne. Nikagonga kwa mpini wa bisibisi kuanzia juu: to, to, to. Nilipofika usawa wa kiuno, sauti ikageuka: pu, pu. Hapo plasta imeshaachana na tofali. Nikachomeka ncha ya kisu, rangi ikatoka kipande kizima kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Nyuma yake palikuwa peusi, na harufu ikatoka kama ya gunia la muhogo lililonyeshewa.

Nikatoka nje, nikazunguka nyuma. Udongo ulioteremka mlimani ulikuwa umeegemea ukuta, karibu mita 1 juu ya sakafu ya ndani. Manjanja, yaani mabati ya paa, hayana gutieri ya kukinga maji ukingoni, maji yote ya paa yanaangukia hapo. Na msichana wa nyumbani alikuwa anamwaga beseni la kufulia palepale, mbele ya macho yangu. Wapaka rangi wanne wameingia chumba kile na kulipwa, na hakuna hata mmoja aliyezunguka nyuma ya nyumba!

Vijana wawili walitoa udongo siku tatu. Tukachimba mfereji unaoshuka kuiacha nyumba, tukafunga gutieri. Ndani tukafunga mlango kwa plastiki, tukavaa barakoa, tukalowesha plasta kidogo kwa bomba la kupulizia ili vumbi lisiruke, tukabandua yote iliyolia pu na sentimita 30 zaidi ya pale weusi ulipoishia. Kifusi kikaingia kwenye magunia na kutokea dirishani, siyo kupitia sebuleni. Tofali tukalisugua kwa brashi ngumu na maji kidogo ya sabuni.

Halafu tukauacha ukuta wazi. Hapo ndipo mama mwenye nyumba aliponikasirikia, maana alitaka rangi kabla ya sherehe ya komunyo. Mafundi wa zamani wanahesabu mwezi 1 wa kukauka kwa kila sentimita 2.5 za unene wa ukuta. Hesabu wewe mwenyewe ukuta wa sentimita 20. Nikamwambia tungoje kiangazi kipite, Juni hadi Agosti, ndipo tupige plasta ya chokaa na kuipaka chokaa juu. Chokaa inaacha ukuta upumue, na ukungu hauipendi. Simenti nzito juu ya ukuta mbichi inafanya kama rangi ya mafuta: maji yanakosa pa kutokea chini, yanapanda juu.

"Siuoni, basi haupo"

Sogeza kabati. Ndiyo, lile la nguo, lililobanwa kwenye ukuta wa nje miaka sita. Hewa haipiti pale, ukuta ni baridi, mvuke unageuka maji, na ukungu unaota kimya kimya mpaka siku makoti yananuka. Acheni nafasi ya upana wa kiganja. Nimelisema hili mpaka mke wangu ananicheka.

Tripleksi, zile mbao nyembamba za kubandikwa ukutani, ndiyo inayoficha zaidi. Goma, kwenye nyumba za mbao zilizojengwa juu ya mawe ya volkano, watu wanasema mbao inapumua, haiwezi kuota. Mbao ya nje inapumua, sawa. Lakini ndani wamepigilia tripleksi, mahali pengine na makarto ya maboksi, na kati ya hivyo viwili mvua inapenya kwenye maungio na haioni pa kutokea. Bonyeza tripleksi kwa kidole gumba karibu na sakafu. Ikibonyea, itoe. Usiisafishe. Tripleksi na karto vilivyooza haviponi.

Halafu kuna bomba lililo ndani ya ukuta. Kwa wengi wetu maji yanarudi usiku wa manane, na bomba lililopasuka linavuja saa zile tu yanapokuwa na nguvu. Fundi akija mchana anakuta kimya, anaapa bomba ni zima. Fungeni robine zote za maji, amkeni maji yakirudi, muangalie kontere, ile mita ya maji. Ikizunguka na hakuna anayechota, mmepata jibu.

"Ni baridi ya Bukavu, nyumba zote ziko hivyo"

Tuko juu, karibu mita 1,500, mvua zinaanza Septemba na kuendelea hadi Mei. Kweli. Lakini mbona ukuta wa jirani ni mkavu?

Kabla ya kulaumu hewa, fanya jaribio langu. Kwangua rangi sehemu ndogo, bandika kipande cha plastiki inayoonyesha, nusu mita kwa nusu mita, funga kingo zote kwa skochi. Ngoja siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumba, ni mvuke wenu wenyewe: maharage yanayochemka saa tatu, nguo zinazoanikwa ndani, watu watano kwenye chumba kisicho na dirisha. Fungueni asubuhi, pikieni nje. Matone yakiwa nyuma ya plastiki, maji yanatoka ukutani, na dirisha halitakusaidia. Watu wananiuliza nina mashine gani ya kupimia. Ninayo, lakini chumvi ya ukuta inaidanganya. Plastiki haidanganyiki hivyo.

"Ule unga mweupe ni ukungu"

Mara nyingi ni chumvi tu, salpeti, inayoachwa na maji yanapokauka. Upulizie maji: chumvi inayeyuka na kupotea, ukungu unabaki na kuteleza. Lakini usifurahi mapema, maana chumvi nayo ni alama ya njia ambayo maji yanapita.

"Mweusi ni sumu, wa kijani hauna shida"

Rangi haikuambii ni aina gani. Toa wote. Ukiwa chini ya mita 1 ya mraba, fanya mwenyewe, na barakoa na glavu. Ukizidi hapo, au ukiwa na mtoto mwenye pumu, ita mtu.

"Changanya javeli na siki, inakuwa na nguvu"

Inakuwa gesi ya klorini. Usifanye. Wala na ndimu, wala na dawa kali ya choo.

"Washa mbabula (jiko la makaa) chumbani, funga mlango, ukuta ukauke"

Hili silifanyii mzaha. Makaa katika chumba kilichofungwa yanatoa gesi isiyo na harufu, na watu wanalala wasiamke. Na ukuta wenyewe haukauki: hewa inapata joto, inabeba mvuke, usiku inapoa na kuurudisha palepale kwenye ukuta baridi. Kinachokausha ni hewa inayopita.

Yule mama wa simu ya tatu alibandika plastiki yake juzi jioni, huku akilalamika. Leo asubuhi amenitumia picha: matone yote yako nyuma. Kwenye kona ya picha, kupitia dirisha, naona paa la jirani yake limeelekea ukuta huohuo, na halina gutieri. Kesho naenda kuongea na jirani.