Kuandika Kiingereza cha Tasnifu na Ripoti: Dai Litangulie

Kazi yangu hapa Mwanza ni kufundisha uandishi wa Kiingereza kwa wanafunzi wa vyuo, na kuhariri ripoti za watafiti wa afya, uvuvi na kilimo kabla hazijapelekwa kwa wafadhili au kwenye majarida. Wengi wanaonijia huomba niwasahihishie sarufi, na wengine huomba orodha ya maneno mazito ya kitaaluma, lakini nikisoma rasimu zao naona kwamba sarufi ni tatizo la pili. La kwanza ni kwamba mwandishi hajaamua anadai nini, na kwa kuwa hajaamua, kila sentensi inaongezwa juu ya nyingine bila mojawapo kubeba hoja.

Siwalaumu. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza akalazimika kujifunza Kiingereza na masomo mengine karibu yote kwa Kiingereza hichohicho, na kwa miaka mingi anachoandika zaidi ni notisi zilizonakiliwa ubaoni. Akifika chuo kikuu anadaiwa hoja yake mwenyewe, katika lugha ambayo hajawahi kuitumia kutoa hoja.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaowaambia vijana wafikiri kwa Kiingereza tangu mwanzo. Mimi huwaambia waanze na sentensi moja ya Kiswahili inayosema wamegundua nini, wapi, na kwa kuchunguza nini. Sentensi hiyo ikikataa kuandikika kwa lugha ambayo mtu ameizoea tangu utotoni, haitaandikika kwa lugha nyingine yoyote, na hapo anachohitaji ni kurudi kwenye takwimu zake wala si kwenye kamusi. Ikishaandikika, haitafsiriwi neno kwa neno. Inajengwa upya kwa Kiingereza, na kiima na kitenzi vikae karibu.

Tuseme mwanafunzi amechunguza uanikaji wa dagaa katika mwalo mmoja, yaani ufukwe wa kushushia samaki, akilinganisha wanaoanika juu ya mchanga na wanaoanika kwenye vichanja. Rasimu ya namna hii mara nyingi huanza kwa kusema kwamba samaki ni chakula muhimu duniani, kwamba Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, kwamba linagawanywa na Tanzania, Uganda na Kenya, na kwamba sangara aliingizwa ziwani katikati ya karne iliyopita. Yote ni kweli, na karibu yote hayahusiki. Dagaa wanaonekana ukurasa wa tatu, na swali la utafiti ukurasa wa tano, wakati msomaji wa jarida amekwisha kuamua kama ataendelea au la.

Mwanaisimu John Swales alieleza mwaka 1990 kwamba utangulizi wa makala za utafiti za Kiingereza kwa kawaida hupita hatua tatu: mwandishi huonyesha uwanja anaoushughulikia, kisha pengo lililobaki katika uwanja huo, kisha namna utafiti wake unavyoliziba pengo. Kwa mwanafunzi wetu, uwanja si dunia nzima wala si ziwa zima. Ni hasara inayowapata waanikaji mvua za masika zinaponyesha na dagaa hawakauki. Pengo lake ni kile ambacho waliomtangulia hawakukiuliza, kwa mfano sababu zinazomfanya mwanikaji anayejua faida ya kichanja aendelee kutumia mchanga. Hatua ya tatu ni sentensi moja iliyo wazi: “This study examines why small-scale processors continue to dry dagaa on sand.” Nikiipata sentensi hiyo ndani ya ukurasa wa kwanza, mengine yote huharirika.

Kitenzi cha dai nacho hupimwa. Mtu aliyehoji waanikaji wa mwalo mmoja kwa msimu mmoja hana haki ya kuandika “prove”. Akiandika “show”, awe na takwimu zinazoonyesha kweli. Akiandika “suggest”, anamwambia msomaji kwamba ushahidi unaelekea upande huo bila kufunga mlango. Vijana wengi huona “suggest” na “may” kama dalili za woga, lakini kwa mhariri wa jarida ni dalili kwamba mwandishi anajua mipaka ya ushahidi wake. Dai kubwa kuliko ushahidi ni kasoro nzito kuliko kosa la sarufi, kwa sababu kosa la sarufi mhariri anaweza kulirekebisha mwenyewe.

Kuhusu nyakati za vitenzi nitasema machache: mbinu na matokeo huandikwa kwa wakati uliopita, na ukweli wa jumla kwa wakati uliopo. Maneno marefu kama “utilize” yaachwe ikiwa “use” inatosha.

Barua za kazi zina ugumu wake. Barua rasmi ya Kiswahili huanza na “Husika na kichwa cha habari hapo juu”, na ni adabu nzuri ya ofisini kwetu. Ikihamishwa kuwa “Refer to the heading above”, msomaji wa Kiingereza anaisoma kama amri. Mnunuzi wa minofu ya sangara aliyeko Ulaya, akiletewa barua pepe yenye aya mbili za salamu na historia ya kampuni kabla ya ombi, anaweza asilifikie ombi lenyewe. Salamu fupi inatosha. Sentensi ya kwanza au ya pili iseme kinachoombwa na lini kinahitajika, maelezo yafuate. Heshima katika Kiingereza cha kazi hukaa zaidi katika namna ya kuomba, kama “Could you please confirm”, na katika kutompotezea mtu muda.

Asiye na msimamizi wa karibu asikate tamaa. AuthorAID, mpango unaoendeshwa na shirika la INASP la Uingereza, huwasaidia bure watafiti wa nchi kama yetu kupata washauri wa uandishi, na HINARI, iliyoanzishwa mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, huzipatia taasisi zilizosajiliwa makala za afya za kusoma, ama bure ama kwa ada ndogo. Ukimpata mshauri, usimtumie tasnifu nzima. Mtumie ikisiri (abstract) na ukurasa wa kwanza wa utangulizi, umwombe akuambie kwa maneno yake unadai nini, kisha linganisha jibu lake na sentensi yako ya Kiswahili kabla ya kugusa koma hata moja.