Kabureta ya gari la mbio za jangwani: wanayoamini wengi na ukweli wenyewe

"Chukua kubwa, utapata nguvu." Hii ndiyo dhana kuhusu kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa kwa ajili ya injini, iliyowalia watu fedha nyingi kuliko zote. Mtu ana pikapu yenye injini ya Chevrolet V8 ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7. Anajiandaa kwa mbio za Baja California kule Meksiko, basi ananunua kabureta ya kupitisha futi za ujazo 850 za hewa kwa dakika, kwa sababu ameiona kwenye gari la mbio fupi za lami iliyonyooka.

Hesabu ya ukubwa unaofaa ni nyepesi. Zidisha ujazo wa injini, kwa inchi za ujazo, kwa mizunguko ya juu kabisa utakayofika, kisha gawa kwa 3,456. Namba hiyo ni inchi za ujazo 1,728 zilizomo ndani ya futi moja ya ujazo, mara mbili, kwa kuwa injini ya mipigo minne huvuta hewa mara moja kwa kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 6,000 tunapata 607. Injini ya kawaida haijazi silinda zake zikashiba, kwa hiyo chukua asilimia 85 ya hapo: 516. Kabureta ya 600 inatosha kabisa.

Ukizidisha, unaua mwendo wa hewa. Mafuta ndani ya kabureta hayasukumwi. Yanavutwa na hewa inayopita kwa kasi kwenye koo jembamba. Koo likiwa pana mno, mvuto unalegea na mafuta yanatoka matone matone badala ya ukungu. Na gari la jangwani linatumia muda mwingi likijikwamua kwenye mchanga na kona za makorongo kwa mizunguko ya chini, pale pale ambapo kabureta kubwa inakohoa.

Wengi wakishapata ukubwa wanadhani wamemaliza. Kwangu mimi uchaguzi unaanzia hapo, kwenye bakuli la mafuta, yaani kibakuli cha kabureta kinachotunza mafuta kabla hayajavutwa. Jaza bakuli maji nusu, lishike mkononi ukiwa umesimama nyuma ya pikapu inayoruka matuta, utaona. Gari likiinamisha pua au likifunga breki, mafuta yanakimbilia mbele. Likipanda mlima au likiongeza kasi, yanarudi nyuma. Kwenye kabureta ya kampuni ya Holley ya matundu manne ya hewa, jeti (vitundu vinavyopima mafuta) za bakuli la mbele zimekaa upande wa nyuma wa bakuli hilo, na za bakuli la nyuma ziko upande wa mbele. Kwa hiyo ukipanda kilima huku umekanyaga mafuta, jeti za nyuma zinabaki zikinyonya hewa. Ndiyo maana mafundi wanaojua wanazifunga mirija mirefu ya kuyafuata mafuta yalikokimbilia.

Kisha kuna vipumulio vya bakuli. Gari likitua baada ya kuruka, mafuta yanarushwa juu, yanapita kwenye mirija ya kupumulia na kumwagika kooni. Injini inazama, inatoa moshi mweusi, inazima. Dawa yake ni mpira unaounganisha kipumulio cha mbele na cha nyuma, uliotobolewa juu katikati. Aina ya Truck Avenger ya Holley inakuja na mrija huo tayari, pamoja na sindano ya boya (boya huelea bakulini na kufunga sindano inayoingiza mafuta, bakuli likijaa) yenye springi ili isipigepige kwenye mabonde. Zipo za futi 470, 670 na 770.

Injini ikikosa mafuta, wapo wanaokimbilia kuongeza presha ya pampu. Hilo ni kosa kubwa. Boya lina nguvu yake ya kufunga sindano, na kabureta hizi zinataka paundi kati ya 5 na 7 kwa inchi ya mraba. Ukizidisha, sindano inasukumwa, bakuli linafurika, na tatizo lako linageuka kutoka njaa kuwa mafuriko. Funga reguleta ya presha na geji yake.

Halafu suala la pampu mbili za kumwagia mafuta kila unapokanyaga, ambazo watu wanazisifu sana. Mguu wa dereva jangwani unadunda pamoja na gari, na kila mdundo unamwaga mafuta mengine. Matundu ya nyuma ya kabureta yanayofunguliwa na mvuto wa injini yenyewe yanamvumilia dereva huyo.

Jeti ulizopima San Felipe, mji wa Baja ulio kando ya bahari, hazitakufaa milimani. Hewa inakuwa nyepesi huku mafuta ni yale yale, plagi zinatoka na masizi. Kadirio la mafundi ni kushuka namba moja ya jeti kwa kila mita 600 hivi za kupanda.

Mwisho, wanaosema kabureta haiwezi jangwa. Mwaka 1967, Vic Wilson na Ted Mangels walishinda mbio za kwanza za Baja, kutoka Tijuana hadi La Paz, kwa saa 27 na dakika 38, ndani ya Meyers Manx, kigari chepesi cha mchangani chenye injini ya Volkswagen ya kabureta. Leo magari makubwa ya daraja la juu yanatumia mfumo wa kompyuta wa kupulizia mafuta, na kwa kupaa na kuinama mfumo huo ni bora. Sibishani na hilo. Lakini jeti ikiziba usiku katikati ya rasi ya Baja, unafungua skrubu nne za bakuli, unaichomoa, unaipuliza, unaondoka.