Hujui kuchora? Bado unaweza kubuni mavazi

Wengi huacha ubunifu wa mavazi kabla hawajaanza, eti hawajui kuchora. Mchoro ni njia tu ya kumweleza fundi. Mfaransa Madeleine Vionnet, aliyevuma miaka ya 1920 na 1930 kwa magauni ya kukata mshazari, alibuni kwa kuzungushia kitambaa mwanasesere wa mbao.

Kujua uwezo wako uko wapi, nunua mita 2 za marekani, pamba ile ya bei nafuu. Ifue kwanza irudi yote, kisha shona sketi nyoofu ya vipande 2, ukiacha sentimita 1.5 za mshono kila ukingo. Ukisahau, kingo 4 zimekula sentimita 6 na sketi haipiti nyongani. Ukikata bila kufuata uzi wa kitambaa, yaani nyuzi zinazokwenda sambamba na pindo lake la kiwandani, mshono wa ubavuni utahamia mbele.

Hatua gani ilikushika hadi chai ikapoa? Hesabu za pateni, ile karatasi ya vipimo inayofuatwa wakati wa kukata? Wewe ni mkataji, na mkataji mzuri hutafutwa kuliko mchoraji. Kubana pini mpaka kitambaa kikae? Umbo ndilo lako. Kama ni rangi, anza na vitenge. Ila kulinganisha maua kwenye mshono hula kitambaa, hivyo ongeza nusu mita.