Wanawake wamo kwenye faili, tatizo ni majina

"Wanawake wa zamani hawakuandikwa popote." Kauli hii imezoeleka, lakini si kweli. Wengi waliandikwa, tena na maofisa waliowaona kuwa tishio.

Chukua Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola kwa kuwahimiza Wagiriama wa pwani ya Kenya wakatae amri za Waingereza, wakahamishiwa Kisii. Mwaka uliofuata walikuwa wametoroka. Purukushani kama hiyo haikosi barua. Ukiingia Jumba la Nyaraka za Kitaifa, pale Moi Avenue, Nairobi, ukatafuta "Mekatilili" tu, utakosa mengi. Jaribu Katilili, Mekatalili, na Mnyazi, jina lake la kuzaliwa, maana makarani waliandika walivyosikia. Agiza mafaili ya Pwani yenye alama PC/COAST, ya 1912 hadi 1915, uyapitie ukurasa kwa ukurasa. Orodha hupanga mafaili kwa eneo na mada, si kwa watu. Hapo ndipo wengi hukata tamaa mapema mno.

Muthoni Nyanjiru ni mgumu zaidi kumfuatilia. Aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 16 Machi 1922, umati ulipodai Harry Thuku, mwanaharakati aliyekamatwa na Waingereza, aachiliwe. Tarehe na ufyatuaji wa risasi vimo kwenye karatasi za serikali. Jinsi alivyowakejeli wanaume waliokuwa wakisita ilisimuliwa baadaye na waliokuwepo. Usichanganye hivyo viwili: kando ya kila dondoo, andika nani alisema, na lini.