"Mimi mweusi, jua litanifanya nini?" na dhana nyingine za wagonjwa wa lupasi

Kauli hiyo naisikia kliniki hadi nimechoka. Juzi imetoka kwa dada muuza matunda, madoa yamemtanda mashavuni, viungo vinamuuma, na kazi yake ni kukaa barabarani kutwa nzima.

Ukweli ni kwamba weusi wa ngozi unapunguza kuungua, lakini lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili humshambulia mwenye mwili, haisubiri uungue. Mionzi ya jua huua seli za ngozi, na zikifa, DNA na protini za ndani ya viini vyake hujitokeza nje. Kwa mtu asiyeugua, mabaki hayo husafishwa haraka. Kwa mwenye lupasi hukawia, na kingamwili zake, ambazo tayari zinazitafuta protini hizo, huzivamia. Hapo uvimbe huanza, na unaweza kutoka ngozini ukafika kwenye viungo, hata figo. Haitokei lazima siku hiyohiyo. Yaweza kupita siku kadhaa au wiki. Ndiyo maana mgonjwa analaumu dagaa wa jana, wakati mkosaji ni harusi ya ufukweni ya wiki mbili zilizopita.

Na kama ni rangi, takwimu za Marekani zinaonyesha wanawake weusi wanaugua lupasi zaidi kuliko wazungu, na figo zao huathirika zaidi.

Kinachonikera ni kwamba wengi wanachelewa kwa sababu wanasubiri wekundu wa kwenye picha za vitabu. Kwetu upele huo huwa wa zambarau, kijivu au mweusi tu, na mgonjwa anaambiwa "krimu imekukataa". Tazama upele ulipokaa: usoni huruka ile mikunjo inayoshuka kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo. Mikononi hupenda nafasi zilizo kati ya vifundo vya vidole na kuviacha vifundo vyenyewe.

Kwa hiyo jikinge, hasa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Losheni iwe ya SPF 50 (kipimo cha kukinga jua) inayozuia na UVA, aina mojawapo ya mionzi ya jua, maana UVA hupenya mawingu na kioo cha pembeni cha gari. Kapelo haitoshi, inaacha masikio na shingo. Vaa kofia ya ukingo mpana na mikono mirefu. Losheni ikikushinda bei, mtandio mzito na kivuli vinafanya kazi kubwa kuliko chupa iliyokwisha muda. Ukilikwepa jua hivyo, muulize daktari wako kuhusu vitamini D.

Mkorogo nao uachwe. Wapo wanaodhani unaishia kwenye ngozi. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliripoti wagonjwa wa figo waliokuwa wakipoteza protini kwenye mkojo, na zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kujichubua, nyingi zikiwa na zebaki. Mwenye lupasi figo zake ziko hatarini tayari, anaziongezea zebaki ya nini?

"Daktari, kinga yangu imeshuka, niongezee." Hapana! Kinga yako inakupiga wewe mwenyewe, na dawa tunazokupa ni za kuituliza. Vidonge vya alfalfa na ekinesia vinavyouzwa kwenye semina za biashara ya mtandao vinaweza kuuamsha ugonjwa.

"Ni ya kurithi tu." Kwa pacha wa kufanana, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake haugui. Kurithi kupo, ila mazingira yanachangia: sigara, na vumbi la silika la migodini na kwenye kuponda kokoto. Virusi vya Epstein-Barr pia vinahusishwa, lakini karibu watu wazima wote wanavyo, na lupasi yenyewe haiambukizi. Kula na mgonjwa sahani moja.

"Dawa ndizo zimeniletea." Hii ina chembe ya ukweli. Isoniazidi ya kuzuia kifua kikuu na hidralazini ya presha zinaweza kuleta ugonjwa unaofanana na lupasi, ambao kwa kawaida huondoka dawa ikisimamishwa. Lakini anayesimamisha ni daktari. Wewe njoo na pakiti zako zote kwenye mfuko, hata zile za semina.