Ushirika wa wakulima ni nini, na siasa iliingiaje?

Ushirika wa wakulima ni chama kinachomilikiwa na wakulima wenyewe, wanaokusanya mazao yao ili wayauze kwa pamoja. Kila mwanachama ana kura moja, awe na ekari moja au ishirini. Chama cha msingi hupokea na kupima mazao kijijini. Vyama vya msingi vikiungana huunda chama kikuu, ambacho hutafuta soko. Ukiishia hapo utadhani ni biashara tu, lakini Tanganyika haikuwa hivyo.

Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda KNPA (Kilimanjaro Native Planters' Association), chama cha wakulima Waafrika. Walowezi wengi hawakutaka Mwafrika alime kahawa, hivyo chama kilichoshughulika na wadudu na masoko kikalazimika pia kutetea haki yenyewe ya kulima. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya ushirika mwaka 1932, na mwaka uliofuata KNCU (Kilimanjaro Native Co-operative Union) ikachukua nafasi ya KNPA, ikisimamiwa kwa karibu na maofisa wa serikali. Wakulima walipobanwa wauze kahawa kupitia KNCU peke yake, hasira zilipanda mpaka zikazuka ghasia za mwaka 1937. Kwa maoni yangu, hili ndilo fundo la historia nzima: sheria iliyokitambua chama ndiyo iliyoipa serikali mlango wa kuingilia.

Kanda ya Ziwa ugomvi ulikuwa juu ya mizani. Mnunuzi wa pamba ndiye aliyekuwa na mizani, ndiye aliyeisoma, na ndiye aliyetaja bei. Mkulima aliyefika na mzigo mgongoni hakuwa na namna ya kubisha akiambiwa uzito umepungua. Wakulima wakadai upimaji huru. Paul Bomani na wenzake wakazunguka vijijini kuandikisha wanachama, na mwaka 1955 vyama vyao vikaungana kuwa VFCU (Victoria Federation of Co-operative Unions), mmoja wa ushirika mkubwa kabisa barani Afrika. Wakati huo TANU, chama kilichopigania uhuru, ilikuwa imepigwa marufuku katika eneo hilo, marufuku iliyodumu hadi 1958, lakini wakulima waliendelea kukutana kwa ajili ya pamba yao, kuchagua viongozi na kuwahoji kuhusu hesabu. Watu waliozoea kumwajibisha katibu wa chama hawakuona ajabu kumwajibisha mkuu wa wilaya. Baada ya uhuru Bomani akawa Waziri wa Fedha.

Nguvu hiyo haikuachwa hivihivi. Malalamiko ya ubadhirifu yalikuwepo, tena ya kweli, lakini dawa iliyotolewa ilikuwa kali kuliko ugonjwa: mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu, na kazi yao ikapewa mamlaka za mazao, yaani mashirika ya serikali. Mkulima akabaki bila mkutano wa kumwondoa anayepima mazao yake. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha ushirika, na leo vyama vya msingi, ambavyo wengi wanaviita AMCOS (kifupi cha Kiingereza cha vyama vya ushirika wa masoko ya mazao), viko chini ya sheria ya mwaka 2013, ambayo inampa Mrajis, ofisa wa serikali anayesimamia vyama vya ushirika, madaraka ya kuvisajili, kuvikagua na hata kuvifuta.