Basi Tupu Si Ushahidi Kwamba Watu Hawana Safari

Kwa mara nyingine nimeketi katika kikao ambamo njia ya basi la vijijini ilipendekezwa ifutwe kwa hoja moja tu: basi linatembea tupu, kwa hiyo wakazi hawalihitaji. Hoja hiyo nimeichoka, kwa kuwa ni kosa la kipimo. Idadi ya abiria hueleza ni nani aliyeweza kuitumia ratiba iliyopo. Haimwoni muuguzi anayetoka zamu saa nne usiku ilhali basi la mwisho huondoka saa moja, wala mlezi anayempeleka mtoto shuleni, akapitia zahanati, kisha akaenda kumhudumia mzazi mgonjwa, mchana ambapo mabasi yamepunguzwa.

Linaloniudhi zaidi ni namna tunavyopanga kuunganisha mabasi. Mabasi mawili yanayopita kila baada ya dakika 60, yasipopangiwa kukutana, humsubirisha abiria dakika 30 kwa wastani. Mpangaji akiyakutanisha, anaweza kupunguza kusubiri huko hadi dakika 4 bila kuongeza hata basi moja, na kila mtu akaipongeza ripoti. Lakini dakika hizo 4 ni za nani? Tuseme vituo viwili vimeachana mita 200. Anayetembea mita 1.2 kwa sekunde, mwendo uliozoeleka katika kukadiria muda wa taa za vivuko, hufika baada ya sekunde 167. Mzee anayetembea mita 0.8 kwa sekunde huhitaji sekunde 250. Basi limeondoka sekunde 10 kabla hajafika, naye hukaa kituoni karibu saa nzima. Kwa mtu wa kiti cha magurudumu, ukingo mmoja usio na mteremko huivuruga hesabu yote. Watu hao hawarudi tena, na mwaka unaofuata kutokuwepo kwao huletwa kikaoni kama ushahidi.

Uswisi walianza na kukutana. Kwa ratiba ya Bahn 2000, mradi wa kuboresha reli za nchi hiyo, iliyoanza Desemba 2004, safari ya treni kati ya Bern na Zürich ilishushwa chini ya saa moja ili treni ziwahi kuunganishwa na nyingine vituoni. Ratiba ndiyo iliyoamua kasi ihitajike kiasi gani.

Magari ya kuitwa kwa simu husaidia pale wakazi walipotawanyika, ila kila gari hubeba watu wachache kwa saa, hivyo gharama ya kila abiria haishuki sana hata huduma ikipendwa.

Ninayo mashaka ambayo vitabu vyetu huyapita haraka. Fedha zilezile zikiwekwa kwenye njia chache zenye basi kila dakika 10, kwa kawaida abiria huongezeka kuliko zikitandazwa hadi kijiji cha mwisho. Hapo usafiri endelevu na usafiri wa wote huvutana, na uamuzi huo ni wa baraza lililochaguliwa. Sisi wataalamu tumezoea kuuficha ndani ya majedwali, nami nimefanya hivyo. Tena, katika mahojiano ya kaya huwa tunauliza ni safari gani ziliachwa wiki hiyo kwa kukosa usafiri, lakini majibu siyaamini kikamilifu, kwa sababu aliyeacha kumtembelea dada yake miaka mitano iliyopita hujibu kwamba hakuna.